Ushuru ni sifuri, mbona mzigo umekwama Namanga?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Arusha. Nanunua taa za sola kwa muuzaji wa jumla Nairobi, halafu nina kikundi cha mafundi wanaotengeneza majiko banifu ambayo tunayapeleka Kajiado. Kila mtu ananiambia bidhaa za mazingira hazina ushuru, tena tuko Jumuiya moja. Lakini taa zangu zilizuiwa Namanga wiki mbili wakidai vyeti, na majiko yakarudishwa kwa kukosa alama ya ubora. Hivi vikwazo visivyo vya kiforodha ni nini hasa? Ni halali? Na huko duniani vinazifanya nini bidhaa kama zangu?"

Marahaba, dada yangu.

Umeieleza mizigo yako miwili kana kwamba ni kesi moja. Kisheria ni kesi mbili zisizofanana, na ukizichanganya mbele ya afisa wa mpakani utashindwa zote. Kwenye taa, waliokuzuia walikuwa na sheria mkononi, ingawa namna inavyotekelezwa ndiyo inayoumiza. Kwenye majiko, yawezekana haki ilikuwa yako ila ulikosa karatasi ya kuidai. Nianze na taa, maana huko ndiko kwenye mengi.

Taa zako zimetengenezwa China, kama zilivyo nyingi madukani. Kwa upande wa paneli peke yake, China inashika zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa viwanda duniani katika kila hatua ya utengenezaji. Kuinunua taa hiyo Nairobi hakuipi uraia wa Kenya. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza Januari 2005, unafuta ushuru kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, yaani zilizozalishwa humu au zilizobadilishwa humu kiasi cha kutosha. Kuhamisha katoni kutoka ghala moja hadi jingine hakuhesabiki. Kwa hiyo taa inavuka Namanga kama bidhaa ya China iliyopitia Kenya, na habari ya "tuko Jumuiya moja" haiisaidii kitu.

Paneli nayo hupata sifuri kwa sababu nyingine kabisa: Ushuru wa Pamoja wa Nje wa Jumuiya umeipa sifuri itoke popote inapotoka. Lakini wewe huuzi paneli tupu. Ndani ya boksi lako mna kipaneli kidogo, betri ya lithiamu, balbu mbili, waya wa kuchajia simu, na kama ni zile za bei ya juu kidogo, mna redio. Sasa hicho ni paneli, ni taa, ni betri au ni redio? Mwaka 2022 mfumo wa dunia wa kuainisha bidhaa ulijaribu kupunguza ubishi huu. Paneli zilizokwisha kuunganishwa zikapewa kijifungu chake, 8541.43, na taa za nguvu ya jua zikatengewa nafasi yake ndani ya kifungu 9405. Imesaidia. Hata hivyo seti yenye redio na waya wa simu bado inaweza kusomwa hivi na afisa mmoja na vile na mwingine, na kila usomaji una malipo yake na vyeti vyake.

Upo pia msamaha. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 linasamehe vifaa maalumu vya nguvu za jua na upepo, pamoja na betri za kuhifadhi umeme huo. Maneno ya jedwali hilo yamebadilishwa zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba betri inayowasha taa ya sola ndiyo hiyohiyo inayoweza kuendesha king'ora cha geti, na kibadili umeme (inveta) cha sola hakina tofauti kubwa na kile cha kufungwa kwenye gari. Afisa anataka uthibitisho kwamba kifaa ni cha sola tu. Ukiwa na barua ya kiwanda inayoeleza matumizi, unapita. Usipokuwa nayo, unasubiri. Msamaha unaotegemea macho ya mtu mmoja siku hiyo, mfanyabiashara hawezi kuupangia bajeti, na hiyo peke yake ni sehemu ya jibu la swali lako la kwanza.

Sasa vyeti. Tanzania inataka bidhaa nyingi za kutoka nje zikaguliwe huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Utaratibu huo wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ulianza 2012. Kenya ina wa kwake chini ya KEBS, shirika lake la viwango, tangu 2005. Taa zako yawezekana zilikaguliwa vizuri kabisa zilipokuwa zinaingia Kenya, na stika inayong'aa ipo kwenye boksi. Stika ile inaliambia soko la Kenya kwamba mzigo ulikaguliwa kwa viwango vya Kenya. Namanga upande wa Tanzania wanauliza cheti cha Tanzania. Muuzaji wako wa Nairobi hana, kwa sababu alipoagiza hakuwa anaiwazia Arusha. Wewe nawe huwezi kurudi nyuma ukaukague huko China kiwandani mzigo uliokwisha kufika. Hapo ndipo wiki mbili zinapopotelea: sampuli zinachukuliwa, zinapelekwa maabara, na gari lako limeegeshwa.

Ni halali? Ndiyo, kwa msingi wake. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) kuhusu vikwazo vya kiufundi, ulioanza kutumika 1995, unaipa kila nchi haki ya kuweka viwango vya kulinda afya, usalama, mazingira na kumkinga mnunuzi asidanganywe. Sharti ni kwamba kiwango kisibague bidhaa ya huyu na ya yule, kisizuie biashara kuliko inavyohitajika, kifuate viwango vya kimataifa pale vilipo, na kitangazwe mapema. Wataalamu hutenganisha mambo mawili hapa. Kuna hatua zisizo za kiforodha, ambazo ni kila kanuni inayogusa biashara bila kuwa ushuru. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, imezipanga katika sura 16, kuanzia ukaguzi wa afya ya mimea hadi masharti ya mauzo ya nje. Kisha kuna vikwazo, ambavyo ni zile hatua zilizokosa sababu, zinazobagua, au zenye sababu nzuri na utekelezaji mbovu. Kundi hili la mwisho ndilo kubwa, na ndilo gumu kulishtaki, kwa sababu ukilalamika unaonekana unapinga usalama wa watu.

Kwenye kupima taa za sola mimi niko upande wa wapimaji, na nitakueleza kwa nini. Soko la Afrika Mashariki liliwahi kujaa taa za bei poa zilizokufa baada ya miezi michache, na mwananchi wa kijijini aliyetoa akiba yake hakurudi tena kununua sola. Alirudi kwenye kibatari. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na tawi lake la sekta binafsi, IFC, ulizaliwa kwenye mazingira hayo, na kipimo chake baadaye kikawa kiwango cha kimataifa, IEC TS 62257-9-5, kinachohusu seti ndogo zisizozidi wati 350. Angalia kinavyofanya kazi. Sampuli haiteuliwi na mwenye kiwanda. Mtu wa nje anaingia ghalani anachomoa maboksi bila mpangilio. Maabara inapima betri inashika chaji kiasi gani, swichi inabonyezwa tena na tena, taa inaangushwa, waya zinavutwa. Kisha inawashwa saa 2,000. Hizo ni siku 83 za kuwaka usiku na mchana, na mwishoni mwanga usiwe umeshuka chini ya asilimia 85 ya ule wa mwanzo. Hakuna njia ya mkato. Taa inayotumia LED za kuokoteza huanza kufifia mapema, na maabara inaona kile ambacho mteja wako angekiona baada ya kukulipa. Ethiopia iliufanya ubora wa namna hii kuwa sharti la kuingiza taa nchini, na sikumbuki mtu makini aliyesema walikosea.

Kwa hiyo dawa unayotamani, kwamba mpaka ufunguliwe na vyeti vifutwe, ingekuumiza wewe mwenyewe unayeuza taa nzuri. Dhuluma iko mahali pengine: modeli ileile, iliyokwisha kuwaka saa 2,000 kwenye maabara inayotambulika, inadaiwa uthibitisho upya kila inapovuka mstari.

Na gharama hiyo haigawanywi sawa. Ushuru ni asilimia. Ukiwa asilimia 10, mwenye kontena na mwenye katoni tatu wanaumia kwa uwiano mmoja. Kipimo ni bei ya modeli, au ya mzigo, bila kujali una taa ngapi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kupima modeli moja pamoja na usafiri wa sampuli kunagharimu shilingi milioni 6. Mwenye taa 30,000 anaongeza shilingi 200 kwenye kila taa, wala mteja haoni. Wewe mwenye taa 300 unaongeza shilingi 20,000, na hapo faida yako imekwisha na mtaji umeanza kuliwa. Hata ada ya ukaguzi inayokokotolewa kwa thamani ya mzigo kwa kawaida ina kiwango cha chini ambacho mzigo mdogo hauwezi kukikwepa. Weka juu yake wiki mbili za ghala la mpakani, mkopo unaozaa riba, na msimu: taa na majiko huuzika baada ya mavuno, watu wakiwa na hela mkononi. Mzigo ukifika wiki mbili baada ya hapo, hela imeshaenda kwenye ada za shule.

Mfanyabiashara akishapiga hesabu hizi hufanya unachokijua. Anapita njia za panya. Taa zinaingia Longido kwenye bodaboda bila kupimwa na mtu yeyote, na kipimo kilichowekwa ili kumlinda mnunuzi kinageuka ndicho kinachomletea taa mbovu.

UNCTAD imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba hatua zisizo za kiforodha zinaibana biashara ya dunia zaidi ya mara mbili ya ushuru wa kawaida. Wengi huishangaa takwimu hiyo. Aliyewahi kukaa Namanga na katoni zake haimshangazi.

Kabla sijaenda mbali, niyamalize majiko, maana habari yake ni fupi na ina matumaini zaidi. Jiko lenu limefinyangwa na kuchomwa Arusha, kwa udongo wa hapahapa na bati la hapahapa. Hilo ni bidhaa ya Afrika Mashariki bila ubishi. Linastahili cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha limetengenezwa wapi, na kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu mwepesi: fomu fupi inagongwa muhuri palepale mpakani, almradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza kwanza kama majiko yamo. Kuhusu ubora, Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 ya viwango, ubora, vipimo na upimaji inataka alama ya ubora ya nchi moja mwanachama iheshimiwe na nyingine. Jiko lenye alama ya TBS halipaswi kupimwa upya na KEBS. Kama lingekuwa na alama na bado likarudishwa, hicho ni kikwazo, tena cha kushtakiwa. Lakini kwa maelezo yako, majiko hayakuwa na alama yoyote. Hapo hukuzuiwa na kikwazo. Ulizuiwa na kanuni ambayo inamhusu hata fundi wa Kajiado.

Msikate tamaa. TBS ina njia ya wajasiriamali wadogo: mnapitia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mnapewa barua ya utambulisho, na gharama za kupata alama kwa kipindi cha mwanzo hubebwa na serikali. Jiko lenyewe litapimwa linatumia mkaa kiasi gani kuchemsha maji na linatoa moshi na hewa ya ukaa yenye sumu kiasi gani. Kiwango cha kimataifa cha vipimo hivyo vya maabara ni ISO 19867-1 cha mwaka 2018. Waambieni mafundi wasikisie unene wa udongo. Majiko mawili ya kikundi kimoja yakitoa majibu tofauti kwenye maabara, alama haipatikani.

Unataka kuona tofauti ya sababu nzuri na utekelezaji mbovu? Usiangalie sola, angalia mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Sumukuvu si hadithi. Inaua, na kikomo cha Jumuiya ni sehemu 10 kwa bilioni. Lakini amri ilitoka kama radi: hakuna muda wa kujiandaa, hakuna utaratibu wa kupima lori moja moja, mahindi safi na mabovu yakawekwa kapu moja. Siku chache baadaye marufuku ikageuzwa masharti, yaani waagizaji wajisajili na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha uko chini ya kikomo. Masharti hayohayo yangeweza kutangulia, na malori yasingelala barabarani. Mei mwaka huohuo Rais Samia alikwenda Nairobi, mawaziri wa nchi mbili wakakaa na orodha ya vikwazo 64, na baada ya muda mfupi ikatangazwa kwamba 30 vimeondolewa. Mtu anaweza kushangilia. Mimi nilichojiuliza ni ilikuwaje vikwazo 30 viondoke kwa majuma machache ilhali sheria ya Jumuiya ya kuviondoa ilikuwapo tangu 2017. Kilichokosekana hakikuwa kanuni.

Haya, twende kwenye dunia uliyoiulizia. Mwaka 2001 kule Doha, nchi za WTO ziliahidi kujadili kupunguza au kufuta ushuru pamoja na vikwazo visivyo vya kiforodha kwenye bidhaa za mazingira. Mambo yote mawili yaliandikwa. Kilichofuata ni miaka mingi ya kubishana kuhusu la kwanza tu. Mwaka 2012 nchi za APEC, umoja wa kiuchumi wa nchi za Asia na Pasifiki, zilikubaliana Vladivostok, Urusi, orodha ya bidhaa 54 zitakazoshushiwa ushuru hadi asilimia 5 au chini ya hapo ifikapo mwisho wa 2015. Hilo lilifanyika kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2014 kundi la wanachama wa WTO likaanza mazungumzo ya mkataba mpana zaidi, yakavunjika Desemba 2016, na moja ya mambo yaliyowashinda, usicheke, ni baiskeli. China ilitaka ziingie kwenye orodha, Ulaya ikawa inawalinda watengenezaji wake. Hata kama wangekubaliana, mkataba ule ungegusa ushuru, ambao kwenye bidhaa nyingi za aina hii ulishakuwa mdogo. Maabara, leseni, masharti ya malighafi ya ndani na ununuzi wa serikali vingebaki vilevile.

Na ndiko vita vilikohamia. Jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2009 lilianza kununua umeme wa jua na upepo kwa bei nzuri, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya vifaa na kazi itoke ndani ya jimbo. Japani na Umoja wa Ulaya zikashtaki, na Mei 2013 Kanada ikashindwa. India nayo iliweka sharti la kutumia seli za ndani kwenye mpango wake wa taifa wa sola. Marekani ikashtaki, India ikashindwa rufaa Septemba 2016. Naam, halafu India ikageuka kuyashtaki majimbo ya Marekani kwa masharti ya namna hiyohiyo, na 2019 jopo likaona India ina hoja. Umoja wa Ulaya, mshtaki wa Ontario, tangu 2013 hadi Septemba 2018 uliwawekea wazalishaji wa China bei ya chini wasiyoruhusiwa kuuza chini yake, mwanzoni senti 56 za yuro kwa wati, kwa hoja kwamba wanauza kwa bei ya kutupa. Wafungaji wa paneli wa Ulaya wenyewe walipinga, kwa sababu paneli ghali maana yake ni nyumba chache za kufungia.

Utaniuliza Ontario inahusiana nini na Arusha. Inahusiana hivi: wanasiasa wetu nao wanataka viwanda vya sola vya hapa, na siwalaumu. Lakini sharti la "nunua cha ndani" likitangulia kiwanda, anayelilipia ni mwenye nyumba ya giza. Mtu anaweza kusema China yenyewe ilijenga viwanda vyake kwa kuvilinda na kuvipa ruzuku, na atakuwa anasema kweli. Ila China ilikuwa na soko, mtaji na umeme wa kuvibeba. Soko la seti ndogo la Afrika Mashariki ni la watu wanaolipa kidogokidogo kwa simu, na shilingi elfu tano za nyongeza zinamfanya mtu aahirishe hadi mwakani.

Siku hizi ukuta unajengwa pia kwenye mlango wa kutokea. Betri inahitaji nikeli, lithiamu na grafiti. Indonesia ilipiga marufuku kuuza nje mawe ghafi ya nikeli kuanzia Januari 2020. Umoja wa Ulaya ukashtaki, jopo likaipa Ulaya ushindi Novemba 2022, Indonesia ikakata rufaa kwenye chombo cha WTO ambacho hakina majaji, na shauri limelala. Zimbabwe ilizuia lithiamu ghafi Desemba 2022. China iliweka leseni kwa grafiti inayouzwa nje ya nchi hiyo kuanzia Desemba 2023. Tanzania, yenye grafiti Mahenge na kwingineko, inaitazama mifano hii kwa makini, na ina haki. Bei ya ile betri iliyomo kwenye boksi lako inaanzia huko.

Kuna upande wa mwisho ambao hukuuliza lakini utakufikia kupitia majirani zako wa kahawa. Mazingira yenyewe yakitumika kama sababu ya kuzuia bidhaa, hukumu inakuwaje? Kesi maarufu ni ya kamba na kasa. Marekani ilizuia kamba waliovuliwa kwa nyavu zisizo na tundu la kumtoa kasa. India, Malaysia, Pakistani na Thailand zikashtaki, na 1998 chombo cha rufaa cha WTO kikasema lengo la kumlinda kasa ni halali ila Marekani imelitekeleza kwa ubaguzi. Marekani ikarekebisha utaratibu, na 2001 ikashinda. Ukisoma hukumu hizo mbili utaona kwamba kasa hakuwahi kubishaniwa. Kilichobishaniwa ni ofisi, muda na usawa.

Kanuni ya Ulaya dhidi ya ukataji misitu, ya mwaka 2023, inapita njia hiyohiyo. Kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, ng'ombe na mbao haviingii Ulaya kama vimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mwenye shamba la zaidi ya ekta 4 achorewe mipaka yote kwa satelaiti. Mwenye dogo atoe nukta moja ya mahali lilipo. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Mkulima wa Karagwe au Mbinga mwenye miche mia tatu katikati ya migomba hajafyeka msitu wowote, lakini ni yeye anayepaswa kuthibitisha, kupitia chama chake cha msingi, na kama chama hakina mtu wa kuzunguka na simu kupiga nukta, mnunuzi wa Ulaya atahamia kwa mwenye shamba kubwa ambaye nyaraka zake zimekamilika. Ni hesabu ileile ya taa 300 na taa 30,000.

Ila usidhani kila katazo la mazingira ni hila ya mkubwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Hatua hizo ziliwaumiza wenye viwanda na waagizaji wa mifuko, wengine wa nchi jirani, na zinabana biashara kwa tafsiri yoyote ile. Zilihusu mifuko ya kila mtu, wa ndani na wa nje, na zilikuwa na tarehe. Nadhani hazikustahili kuitwa vikwazo.

Sasa ya kufanya. Kwa taa, muulize muuzaji wa Nairobi jambo moja kabla ya bei: modeli hii ina ripoti ya kipimo cha IEC 62257-9-5, na jina la modeli kwenye ripoti linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye boksi? Nimeona mzigo wa mteja wangu ukikwama kwa sababu ripoti iliandikwa herufi "B" mwishoni na boksi halikuwa nayo. Omba pia karatasi ya usalama wa usafiri wa betri za lithiamu, ile inayoitwa UN 38.3, na barua ya kiwanda inayosema betri ni ya seti ya sola. Kabla hujalipa, andika TRA kuomba uamuzi wa awali wa uainishaji wa boksi lako, uambatishe picha na maelezo ya kila kilichomo. Uamuzi huo ukiwa mkononi, afisa wa zamu ya usiku Namanga hataanza ubishi wa redio.

Halafu fikiria kuachana na Nairobi. Mkiwa wauzaji watano au sita wa Arusha na Moshi mkaagiza modeli moja kwa pamoja kutoka kiwandani kupitia Dar es Salaam, ukaguzi utafanyika kabla ya kupakia, cheti kitakuwa cha Tanzania tangu mwanzo, na ile gharama isiyogawanyika itagawanyika.

Mkizuiwa tena isivyo haki, msibishane kwa mdomo. Omba sababu kwa maandishi, ikitaja sheria au kanuni. Andika tarehe, saa, ofisi, na kila shilingi iliyotoka, na utunze risiti. Malalamiko yanapelekwa kwa kamati ya taifa ya vikwazo kupitia wizara ya viwanda na biashara, au kwenye mfumo wa mtandaoni wa pamoja wa jumuiya za kikanda za COMESA, EAC (Jumuiya yetu) na SADC, ambako kila lalamiko linapewa namba na nchi inayolalamikiwa inatakiwa kujibu. Eneo Huru la Biashara la Afrika nalo lina mfumo wa namna hiyo. Lalamiko la "wanatusumbua Namanga" halina pa kushikwa. Lenye namba ya hati ya forodha, jina la kanuni na gharama ya siku 14 litajibiwa, japo si kesho. Na kwa majiko, barua ya SIDO ianze kutafutwa sasa hivi, kabla mafundi hawajawasha tanuri la awamu ijayo.